Kamba za Wifi Yangu

Wifi yangu hajui kusoma namba. Nalisema hilo mapema kabisa, maana watu wakianza kumsifia hulisahau, na mimi ndiye niliyekaa naye chumba kimoja miaka tisa, cherehani yangu mlangoni na yake dirishani. Kama kuna mtu duniani mwenye haki ya kumlalamikia, ni mimi. Na nitamlalamikia hadi mwisho, hata kwenye lile jambo la uvimbe.

Uvimbe ulikuwa wangu. Ulikuwa chini ya kwapa la kushoto, mdogo kama kifungo cha shati nilipougusa mara ya kwanza, na baada ya miezi michache kama kifungo cha koti. Sikumwambia mtu. Mama yetu aliingia hospitali kwa miguu yake akatoka mabegani mwa watu, nami nikajiambia kisichotajwa hakipo. Najua, mficha maradhi kifo humuumbua, nilifundishwa shuleni kama kila mtu. Kuijua methali na kuifuata ni vitu viwili.

Lakini nianze na kamba.

Kaka yangu alipofariki, nilimwita mkewe tufanye kazi pamoja. Msinipe sifa za huruma. Nilimwita kwa sababu pindo lake halikuwa na mpinzani. Ukigeuza nguo yake nje ndani hujui upande upi wa kuvaa. Siku ya kwanza nikampa futi ya kupimia. Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

"Wifi, hii hainisemeshi kitu."

"Namba hizo. Unasoma, unaandika."

"Ndiyo hapo penyewe."

Akatoa kamba ya pamba kwenye pochi yake, akampima mteja aliyekuwa amesimama pale anatushangaa. Kutoka ncha hadi hapa ni kifua, fundo. Kutoka ncha hadi hapa ni kiuno, fundo. Nyonga, fundo. Mkono, fundo. Kisha akafunga kwenye ncha kipande kidogo cha kitambaa cha yule mteja ili aitambue kamba yake, akaitundika kwenye msumari ukutani. Nguo ilipotoka ilimkaa yule mama sawasawa, hata pini moja haikuhitajika. Sikufurahi.

Ndani ya mwaka mmoja ukuta wangu ulikuwa umeota ndevu. Wateja wakaanza kumwita Mama Kamba, na mimi, mwenye chumba, mwenye cherehani zote mbili, mwenye daftari nene ambamo kila mteja ana ukurasa wake na kila ukurasa una mistari ya rula, nikawa "yule mwingine".

"Wifi, toa hizi takataka ukutani," nikamwambia. "Vipimo vyote ninavyo kwenye daftari."

"Sawa, wifi."

Hakutoa hata moja. Huyo ndiye yeye. Sawa zake ni nyingi kuliko utii wake.

Na afadhali zingekuwa za kupimia tu. Kila asubuhi, kabla hajakanyaga pedali, lazima asimame ukutani, ashike kamba moja moja, afumbe macho amwombee mwenye kamba. Cherehani yangu inanguruma, ya kwake imelala.

"Wifi, hilo gauni la bibi harusi linajishona lenyewe?"

"Nakuja, wifi. Nimefika kwa mlinzi."

"Mpe mlinzi salamu zangu!"

"Amina," akajibu bila kufumbua macho. Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Chanzo chake ni Jumapili moja, mhubiri mgeni alipotuambia kanisani kwamba tumezidi kuomba tubarikiwe, hebu tuombe tuwe baraka kwa wengine. Sisi wote tukasema amina, tukakimbilia mlangoni maana njaa ilikuwa inauma. Mimi hukaa benchi la nyuma, kwa hiyo nilitoka wa kwanza. Yeye alibaki. Kaka yangu alikuwa na miezi mitatu kaburini. Akapiga magoti akasema: Bwana, elimu sina, mume sina tena, nina mikono miwili, nifanye baraka. Alinisimulia haya huku anatia uzi kwenye sindano, kama mtu anayekwambia chumvi imeisha.

"Na Bwana akakujibu nini?" nikamuuliza.

"Siku ya nne yake ukaniita nije kazini kwako."

Mpaka leo sijui kama nilisifiwa au nilibebeshwa mzigo.

Sasa sikilizeni baraka yenyewe ilivyokuwa. Mteja akirudi, wifi hushusha kamba yake na kumpima upya, hata kama mwenzetu amekuja kubadilisha zipu tu. Siku moja akaja mwalimu wa shule ya jirani, anataka sketi ipunguzwe. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya nusu saa. Nikampima, nikaandika, nikachukua mkasi. Wifi naye akazungusha kamba, akaweka vidole kati ya fundo la zamani na mahali kiuno kilipoishia.

"Vidole vitatu," akasema polepole. "Mwalimu, unakunywa maji mengi siku hizi?"

"Umejuaje? Karibu nusu ndoo kwa siku."

Basi. Sketi ikaachwa mezani, wifi akamshika mwalimu mkono wakaenda hospitali, wakakuta sukari imepanda kiasi cha kumwangusha darasani wakati wowote. Sketi niliimalizia mimi, pamoja na kazi za wifi za siku nzima.

Baada ya mwalimu akaja mlinzi wa benki, kola ya shati inacheza shingoni. Kifua kikuu. Miezi sita wifi alipitia kwake kila asubuhi kuhakikisha amemeza dawa, na miezi sita nilifungua mlango peke yangu. Kisha msichana mmoja ambaye kiuno kilikuwa kinaongezeka badala ya kupungua. Huyo alihitaji mtu wa kwenda naye kumweleza mama yake kabla mama hajajionea mwenyewe. Wifi akaenda. Mimi nikabaki na mashati kumi na mawili ya kwaya.

"Sisi ni mafundi cherehani!" nikamfokea siku hiyo. "Si zahanati! Baraka kwao, balaa kwangu!"

"Sawa, wifi," akasema, akaketi, akashona mashati ya kwaya mpaka yakaisha. Na akayapiga pasi, ili nikose hata la kusema.

Kisha, kana kwamba kero hazijanitosha, maneno yakazuka. Muuza nguo wa mbele yetu akawaambia watu: nani asiyejua kazi ya mafundo? Huyu mama anawafunga watu mchana kweupe na nyie mnamlipa. Wateja wawili wakaja kudai kamba zao. Mwishowe mchungaji akaja mwenyewe, uso mzito, akasimama mbele ya ukuta.

"Mama, hizi ni nini?"

"Ni watu wangu, Mchungaji. Hii hapa ni wewe." Akaishusha ile yenye kitambaa cha suti ya kijivu, na kabla mtumishi wa Mungu hajafungua kinywa alikuwa ameshazungushiwa kamba tumboni. "Umeongezeka vidole vinne. Mungu asifiwe, ila ukitembelea waumini, soda moja inatosha."

Mchungaji aliingia kukemea akatoka anavuta tumbo ndani. Jumapili akatangaza madhabahuni kwamba kamba ni kamba tu, na mwenye maneno ayalete kwake. Mambo yakaisha hapo, ila presha yangu mimi ilikuwa imeshapanda bure.

Mtaniuliza: na wewe, je? Kinyozi hajinyoi. Kamba yangu haikuwepo ukutani. Mara ngapi aliniambia, "Wifi, simama nikupime, nikushonee gauni la Jumapili," nami nikamjibu futi ninayo, asante. Kabla ya uvimbe nilikataa kwa kiburi. Baada ya uvimbe nilikataa kwa woga. Niliogopa hospitali, na zaidi ya hospitali niliogopa kusimamishwa mbele ya kanisa zima, akina mama wanaimba na kufuta machozi, mimi nimegeuka ushuhuda wa mtu. Mimi! Afadhali nife na heshima yangu, nilijiambia, na nilimaanisha, mjinga mimi.

Nikaanza kuvaa magauni mapana. Fundi anajua kuficha. Marinda hapa, mfuko pale. Kila asubuhi nikimwona wifi ukutani na watu wake, nilishukuru kwamba mimi simo.

Jumatatu moja, tukiwa na gauni la bibi harusi na mengine manne ya wasindikizaji wake, yote ya kutoka Jumamosi, nilifika kazini nikakuta cherehani zote mbili zimefunikwa na karatasi imebandikwa mlangoni. Mwandiko ulikuwa wa fundi viatu wa chumba cha jirani: TUMEKWENDA HOSPITALI. Ndani, wifi amevaa nguo za kanisani, pochi begani.

Damu ikanichemka. "Ala! Magauni matano, siku tano, na wewe unakwenda hospitali? Leo ni nani tena?"

"Leo ni wewe."

Akatandaza aproni yangu juu ya meza ya kukatia. Aproni zetu zina kamba ndefu. Unazizungusha nyuma, unazirudisha mbele, unafunga fundo tumboni. Yeye ndiye aliyezifua kila Jumamosi kwa miaka tisa, na mimi sikuwahi kujiuliza anaona nini anapofua.

"Hapa," akasema, akiweka kidole kwenye mkunjo wa zamani uliokuwa mweusi kwa kukaa sana, "ndipo ulipokuwa unafunga miaka yote. Hapa ni wakati wa sare za shule. Hapa ni mvua zilipoanza. Hapa ni Jumamosi iliyopita. Vidole vitano, wifi. Na marinda hujawahi kuyapenda tangu nikujue. Na nguo unazitundika kwa mkono wa kulia, wa kushoto hauinuki."

Kumbe siku zote hizo alikuwa amejitia hamnazo! Niliona haya, na mtu mwenye haya na hasira kwa pamoja hana breki. Nikamwambia neno ambalo nikilikumbuka natamani kujing'ata ulimi.

"Kama wewe ni bingwa wa kuona, mbona hukumwona kaka yangu? Alikwisha mikononi mwako. Vidole vyako vilikuwa wapi?"

Hakulia. Aliikunja ile aproni mara mbili, akaipapasa.

"Suruali zake nilizipunguza mimi," akasema. "Mara tatu, wifi, kwa sindano ya mkono. Na mara zote tatu nilifurahi mshono ulivyokaa. Nilimwonyesha, naye akanisifu. Ndiyo maana nina kamba." Kisha akachukua pochi yangu akanivika begani, bega la kulia. "Twende. Ukitaka kunitukana, utanitukana njiani."

Nilimtukana njiani.

Langoni mwa hospitali mlinzi akampigia saluti. Karani wa mapokezi akainua kichwa akatabasamu. Mama anayepiga deki koridoni akasimamisha kazi yake. Kote swali lilikuwa moja: "Mama Kamba, leo umetuletea nani?"

"Leo nimemleta wa kwangu," akawajibu, na kwa yule wa tatu sauti ikamkatikia njiani. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Msidhani nilitulia. Tulikaa benchi saa nne nzima, na katika hizo nne yeye alikaa kama robo saa. Mara ambebee mama mmoja mtoto, mara ampeleke mzee mlango wa maabara, akiuliza njia watu wanaojua kusoma.

"Hata siku ninayokufa utakuwa unamhudumia mtu mwingine!" nikamwambia.

"Hufi. Kaa hapo ushike foleni."

Lakini nilipoitwa, sikuhitaji kumtafuta. Alikuwa ameshanishika mkono, na hakuuachia hadi daktari alipomwomba asogee kidogo apate nafasi ya kufanya kazi.

Nililazwa siku hiyohiyo, na majibu ya kipande walichokata yalipotoka, ilikuwa saratani. Sikulitaja tangu mwanzo kwa sababu silipendi neno hilo mdomoni. Daktari alisema imekamatwa ikingali changa, itatolewa na nitatibiwa. Ningechelewa miezi sita, asingekuwa na mengi ya kuniambia. Wifi akasema "Asante, Yesu" kwa sauti ya juu mpaka wa chumba cha pili wakaitikia. Nikamkata jicho. Kisha nikajikuta na mimi nimesema, chinichini, ili asisikie. Alisikia.

Na magauni? Sikumwita mtu, wala wifi hakumwita mtu. Wateja wetu waliiona karatasi mlangoni. Vitambaa vilikuwa vimeshakatwa, na mwalimu wa sukari kumbe aliwahi kufundisha ushonaji. Akachukua ufunguo kwa fundi viatu, akashona kila jioni akitoka shule. Mlinzi wa benki, aliyepona na kunenepa, akapiga pasi. Fundi viatu akakazia vifungo kwa uzi wake wa viatu, mweusi, juu ya gauni jeupe, na nilipolisikia hilo kitandani nilitaka kuinuka na mirija yote. Bibi harusi naye ndiyo kwanza alicheka. Alisema hivyo vifungo hata ng'ombe hawezi kuving'oa.

"Wifi, niseme kanisani?" akaniuliza nilipotoka hospitali.

"Thubutu!"

"Sawa, wifi."

Alisema Jumapili hiyohiyo. Akina mama wakaimba, wakafuta machozi, kila kitu nilichokiogopa kikatokea vilevile. Nilikasirika mno, nikalia benchi la nyuma mpaka leso ya jirani yangu ikalowa.

Siku niliyorudi kazini nilisimama mwenyewe karibu na dirisha. "Haya, nipime." Akafunga mafundo yake manne, akakata kipande cha ile aproni akakifunga kwenye ncha, akanitundika ukutani na wenzangu.

Wiki iliyofuata hakuwepo. Alikuwa hospitali na mtu, kama kawaida yake, na mimi kazi za watu zimenifika shingoni. Akaingia karani wa posta, binti mpole, anataka sketi ipunguzwe. Nikachukua futi, nikapima, nikafungua daftari kwenye ukurasa wake, nikaandika: ishirini na sita. Mstari wa juu yake, miezi miwili nyuma, niliandika mwenyewe: ishirini na nane. Juu ya huo: thelathini na moja.

Kalamu ikasimama. Nikafunua ukurasa wa mwalimu. Thelathini na nne, thelathini na mbili, ishirini na tisa. Ukurasa wa mlinzi, kola: kumi na sita, kumi na tano, kumi na nne na nusu. Yote yalikuwamo, kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye mistari yangu ya rula. Nikaendelea kurudi nyuma, na nilishajua ninakokwenda. Kurasa za mwanzo kabisa. Kaka, suti ya kazini, kiuno: thelathini na sita. Kaka, suruali: thelathini na tatu. Kaka, suruali: thelathini. Na pembeni, kwa mkono wangu mwenyewe: anunue mkanda mpya.

Nilimpima mimi. Mara tatu. Nikamwagiza mkanda. Na miezi michache nyuma nilimsimamisha mkewe mbele ya meza hii hii nikamuuliza alikuwa wapi.

"Fundi, kuna tatizo?" karani akauliza.

Nilikuwa na mashati tisa ya kutoka jioni ile. Nikasema moyoni, Bwana, watu wapole wenye subira unao tele, mimi wa nini? Hakunijibu, na binti alikuwa bado amesimama pale, sketi imemlegea kiunoni, ameishika kwa mkono mmoja isidondoke. Nikavuta kile kiti cha dirishani.

"Kaa kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Unakula siku hizi?"

Akatazama chini, akawa anahesabu vigae vya sakafu. Nikaifunika cherehani yangu, nikaketi mbele yake.